Zamani ya nani hii niliyoivaa?

Kichenpati ya binamu yangu ilikuwa na thimu ya miaka ya sabini, na mi kwa mambo hayo sinaga utani. Nilivaa bugaluu la rangi ya kutu, limebana mpaka gotini alafu likafunguka kama mwavuli, shati la kola ndefu, hereni za duara zinazogusa bega, na juu kabisa wigi la afro, lile kubwa la kuingilia mlangoni kwa kuinama. Napita tu watu vigelegele, simu juu. Nikaenda meza ya wakubwa kusalimia, shikamoo, shikamoo, mpaka nikafika kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye miaka hiyo tunayoigiza yeye alikuwepo, tena mjini hapa hapa, taipisti wa maofisi ya Posta. Akaitika marahaba, akanishika mkono, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, taratibu, hana haraka, alafu akaniuliza:

"Na wewe leo umekuwa nani?"

Meza nzima ikacheka. Nikacheka na mimi, emsii akaita watu kwenye keki, mambo yakaendelea.

Ila swali lenyewe nikaondoka nalo. Wiki zikapita, niko kwenye daladala, napiga pasi, niko kazini nimekodolea macho kompyuta, linarudi. Kwa sababu jibu langu la kweli lilikuwa, nimekuwa wewe mama mkubwa. Mapenzi yangu ya mavazi ya zamani yalianzia kwenye picha yake ya studio, ile inayoning'inia sebuleni kwa bibi Tanga, nimeiangalia tangu sijui kusoma. Na mwenye picha kanitazama machoni na hakujiona.

Sasa hapo ndo pakaanza kuniwasha.

Lebo inasema Yugoslavia

Mnaonisoma hapa mnaujua ugonjwa wangu. Kabatini kuna magauni ya krimplini, kile kitambaa cha poliesta, sketi za marinda, mashati ya kola za kupaa, na koti la kodrai la kahawia ambalo Dar es Salaam halina kazi yoyote, linaamka nikipanda basi la Arusha tu. Karibu vyote vimetoka mitumbani. Soko la Karume kabla halijaungua ile Januari 2022 na hata watu walipoanza kurudi, Tandika, Manzese, na nikiwa kaskazini sipiti Moshi bila kushuka soko la Memorial. Kuna wauzaji wananijua kabisa, wakifungua belo asubuhi wananipigia, "dada, nguo zako za bibi zimekuja."

Nguo za bibi. Wanazipanga pembeni, wanataja bei wanayoitaka, na wakiona macho yangu bei inapanda hapo hapo.

Nilishaahidi kueleza najuaje kama kitu ni cha zamani kweli au ni kiwanda cha juzi kimeigiza. Mi naanza na zipu. Zipu ya chuma mgongoni kwa gauni mara nyingi inakupeleka miaka ya sitini au nyuma yake, sabini mwanzoni ukijitahidi, maana baada ya hapo nailoni ilitawala. Alafu lebo. Marekani waliwalazimisha wenye viwanda kuweka maelezo ya kufua kuanzia 1972, kwa hiyo gauni la kule ambalo halina maelezo hayo, na halionyeshi dalili kwamba kuna kitu kilikatwa, linakupa wazo kwamba ni la kabla ya hapo. Ukikuta kilebo kidogo kimeandikwa ILGWU, huo ni muhuri wa chama cha wafanyakazi washona nguo za kike wa Marekani, na chama hicho kiliunganishwa na kingine 1995, basi nguo haiwezi kuwa changa zaidi ya hapo. "Made in West Germany" imeishia 1990. Na usidanganywe na saizi: 14 ya miaka ya sitini ni ndogo mno ukilinganisha na 14 ya leo, niliwahi kukwama na gauni kichwani nyuma ya turubai la muuzaji mpaka akaja mtu kunivua, ila hiyo stori ya siku nyingine.

Gauni ninalolipenda kuliko yote ni la kijani, limenyooka toka begani halina kiuno, linaishia juu kidogo ya goti, kola ndogo ya duara. Lebo yake inasema Yugoslavia. Nililitoa chini ya rundo la buku, muuzaji hakujua kalala na nini.

Basi usiku mmoja baada ya ile kichenpati nikatoa kila kitu nikatandaza kitandani nikawa nasoma lebo moja moja. Ujerumani Magharibi. Kanada. Uingereza. Marekani, Marekani, Marekani. Yugoslavia. Kuna mwanamke mahali fulani alilivaa hili kijani akienda kazini, akazeeka, akafa au akahamia nyumba ndogo, watoto wakafungua kabati wakajaza maboksi, boksi likaenda kwenye godauni, likapangwa madaraja, likabanwa kwenye belo la kilo 45, likapanda meli, likashuka bandarini, likafika Karume. Mi nikalilipia nikaliweka Instagram nikaandika "nimemvaa bibi leo".

Bibi yupi?

Bibi yangu hajawahi kuvaa hata moja kati ya hizi. Mama mkubwa naye hajawahi. Miaka yote hii nasema narudisha ya zamani, na ni kweli ya zamani, ila sina hata kipande kimoja kilichowahi kumgusa mwanamke wa nchi hii. Nikakaa chini.

(Najua mtaniambia mitumba ni mitumba, vaa shukuru. Navaa na nashukuru. Na yale makubaliano ya 2016 ya Afrika Mashariki kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imeondoka wote tuliona yalipoishia, Rwanda ndo ikang'ang'ania ushuru wake na 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuingiza nguo kule bila ushuru. Sio mjadala wa leo.)

Za kwetu zilienda wapi

Jumapili nikaenda Magomeni kwa mama mkubwa. Nimebeba machungwa na maswali. Tukala, tukaongelea magoti yake, tukaongelea mwenye nyumba wa jirani, alafu nikamuuliza, mama mkubwa, yale magauni yako ya ujana, hata lile la kwenye picha, yako wapi?

Akacheka mpaka akashika meza. "Magauni? Mwanangu, magauni yaliliwa."

Akanihesabia safari ya lile la kwenye picha. Lilikuwa krimplini, rangi ya machungwa, ambayo kwenye picha sikuwahi kuijua maana picha ni nyeusi na nyeupe, mi miaka yote nilikuwa nalivalisha kichwani mwangu rangi ya bluu. Akalivaa mpaka alipozaa. Alafu ikaja ile miaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vita vya Kagera vikaja vikaisha 1979, fedha za kigeni hakuna, viwanda vipo, Urafiki pale Ubungo ipo, Mwatex ipo Mwanza, ila spea hamna, umeme unakatika, na kitambaa dukani hakionekani. Khanga ilipangiwa foleni, na anayekwambia hakupanga foleni basi alikuwa na mtu ndani ya duka. Mitumba ya kumiminika haikuwepo, hiyo ilikuja baadae, baada ya 1984 serikali iliporuhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao. Katikati ya hapo, gauni la machungwa likafumuliwa, likatoka magauni mawili ya watoto. Mdogo akarithi ya mkubwa. Yakaisha mapajani, kikabaki kipande cha juu, kikawa cha kushikia sufuria, ingawa krimplini na moto haviendani, akaniambia, kikayeyuka pembeni kikanata kwenye sufuria.

Ndo mwisho wake. Kwenye sufuria.

Mengine yalikwenda kwa ndugu. Nguo za bibi yao nazo ziligawanywa alipofariki, maana kwetu mtu akifa nguo zake zinagawanywa matanga yakiisha, shangazi huyu kachukua hili, jirani aliyemuuguza kapewa lile, na kupewa maana yake ni uvae, sio uweke. Na zilizobaki kwenye sanduku zilipambana na joto la pwani, unyevu, nondo na mende, tunajua nani alishinda.

Nilirudi na basi nikiwa kimya. Gauni la Yugoslavia limenifikia zima kwa sababu mwenyewe alikuwa na mengine ya kuvaa, hilo tu. La mama mkubwa halikubaki kwa sababu lilifanya kazi mpaka likaisha. Na mi nilikuwa nimejenga akilini kwamba wa kwetu hawakujua kutunza, eti wenzetu wana utamaduni wa kuhifadhi.

Khanga ndani ya pochi

Kingine alichoniambia siku hiyo kimenikaa zaidi ya sufuria.

Operesheni Vijana tumeisikia wengi, kijuu juu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza vita na mini, mawigi, mkorogo wa kuchubua ngozi, na suruali za kubana, utekelezaji uanze Januari mosi 1969. Hata tarehe haijafika, vijana Kariakoo wakawa wanawavizia wasichana wanaoshuka kwenye mabasi, wakiona gauni fupi au la kubana wanamzomea na kumrarua, polisi wakaingilia. Magazetini barua za wasomaji zikawa zinapishana, huyu anasema utamaduni wa taifa, yule anauliza utamaduni upi. Na kulikuwa na waliouliza swali ambalo mpaka leo naliona zito: kipindi hicho hicho serikali ilikuwa inawasukuma Wamasai wavue lubega wavae suruali kwa sababu wako wazi mno, sasa msichana wa mjini anaambiwa nguo fupi sio Uafrika, na Mmasai anaambiwa Uafrika wake hautoshi kitambaa. Wapi tusimame?

Na wala hatukuwa peke yetu. Amin alipiga marufuku mini Uganda 1972, Malawi wakaweka sheria kabisa 1973.

Haya nilikuwa nayajua kwa kusoma. Nilichokuwa sijui ni kwamba taipisti wa miaka ishirini, anayefanya kazi Posta na anakaa chumba kimoja na wenzake wawili Ilala, alikuwa anatoka nyumbani amejifunga khanga juu ya gauni, anapanda basi nayo, anafika ofisini anaivua anaikunja anaiweka kwenye pochi. Jioni anaifunga tena. "Mkuu wetu wa kazi anataka tupendeze, wale wa kituoni wanataka tusitiri, na nauli ni yako mwenyewe," akasema, na akageukia mambo mengine.

Alafu wigi. Wigi lilikuwa moja, wasichana watatu. Lilikuwa la nywele za kulala, sio afro, na lilikuwa na zamu, Jumamosi hii mimi, ijayo wewe, dansi likiwa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Operesheni ilipokuja likaingia uvunguni, panya wakalipata.

Nikafikiria wigi langu la afro. Sasa angalia ilivyo: wao wanakatazwa wigi kwa sababu ni kujifanya Mzungu, afro ikaja ikawa nywele za mtu mwenyewe anayesema sitaki wigi, na mimi mwaka huu nimenunua wigi la plastiki la kuigiza nywele za mtu aliyekataa wigi. Chini yake nywele zangu mwenyewe, za kwangu, zimesukwa mabutu zimebanwa na soksi ya nailoni. Mama mkubwa angeniuliza nimekuwa nani mara tatu pia ningestahili.

Nikiwa mkweli, kipindi hicho nilitaka kuacha kabisa. Nikajiona navaa hofu za watu kwa ajili ya laiki. Wenzangu wawili wa kundi letu la mitumba nikawaambia, mmoja akasema dada unafikiria sana, nguo ni nguo. Mwingine akasema ndo maana inabidi kuvaa, hao waliozomewa hawakupata kuvaa kwa raha, wewe vaa. Hilo la pili lilinivutia kwa kama siku mbili alafu nalo likanichosha, kwa sababu mama mkubwa hajaniomba nimlipie kisasi. Yeye mwenyewe akielezea dansi anacheka. Alipata raha yake, na khanga ndani ya pochi ilikuwemo humo humo.

Saa haikuwa yake

Nilirudi Magomeni tena. Safari hii nilikuwa nimeipiga picha ile picha kwa simu, nikamkuzia, nikamwonyesha.

Mi hapo nilitegemea machozi, sijui kwa nini, nadhani nimeangalia video nyingi. Yeye akavaa miwani akaanza kusahihisha. Saa ya mkononi sio yangu, ya mpiga picha, alikuwa nayo kwenye droo kwa ajili ya wateja. Pochi ni ya rafiki. Viatu ndo vyangu ila kimoja kilikuwa kimeachia soli ndo maana nimesimama hivyo, mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Ule mguu nyuma! Nimeupozi ule mguu maisha yangu yote. Nina picha sijui ngapi nimesimama hivyo nikiamini ndo mkao wa mrembo wa miaka ile.

"Na gauni?"

Gauni lilikuwa lake. Yadi mbili na nusu, alinunua kwa mshahara, akashonewa na fundi wa Kihindi Kisutu. Na mtindo je, ulitoka wapi? Akanyanyua mabega. Mke wa bosi alikuwa analeta magazeti ya mitindo ya Ulaya ofisini akiyamaliza, taipisti wakawa wanachana ukurasa wanaoupenda, wanaenda nao kwa fundi. Fundi anaangalia, anasema hii kola haitakufaa una shingo fupi, mikono tuifupishe kuna joto, kitambaa cha namna hii hakipo tutumie kingine. Linatoka gauni ambalo halifanani tena na gazeti.

"Kwani ninyi mnadhani sisi tulizibuni?" akasema. "Nasi tulikuwa tunaiga tu. Ila ukitoka kwa fundi imeshakuwa yako."

Hapo nikatulia. Mi nilikuwa nakimbizana na kitu chenyewe, kitambaa chenyewe, zipu yenyewe ya mwaka wenyewe, wigi, hereni, mpaka mguu. Wao walikuwa na picha ya mtu mwingine wa mbali na fundi mbishi. Nilichorithi kwa mama mkubwa sio gauni, gauni liliungua jikoni. Nilichobakiwa nacho ni picha na njia ya kwenda kwa fundi.

Inchi moja

Basi nikaenda kwa fundi wangu Mwenge na ile picha kwenye simu.

Kitambaa nilikuwa nimeshaamua sio krimplini. Nasema hivi kwa mapenzi, krimplini ni kitambaa cha Kiingereza, poliesta tupu, kampuni ya ICI ndo walikitoa, hakikunji, hakihitaji pasi, unafua usiku asubuhi unavaa, nikiwa taipisti ninayeamka saa kumi na moja na mimi ningekipenda. Lakini hakinywi jasho hata tone. Gauni langu la kijani nalivaa Juni mpaka Agosti, Februari nikilivaa saa nne asubuhi nakuwa nimeshapikika. Mama mkubwa nilimuuliza mliwezaje, akasema hatukuweza, tulivumilia. Kwa hiyo nikanunua pamba, poplini nzito kidogo, rangi ya machungwa, duka la Kariakoo lile la vitambaa vya mita, na hiyo rangi nilizunguka nayo maana kila mtu ananiuliza ni sare ya shughuli gani.

Fundi akaitazama picha. Akasema hili ni gunia dada, halina kiuno. Nikamwambia ndo lenyewe. Akasema wewe una kiuno kwa nini ukifiche. Tukabishana hapo. Akapendekeza abane kidogo ubavuni, nikakataa, akapendekeza zipu ya kujificha, nikakubali, akapendekeza mpasuo nyuma ili nipande daladala, nikakubali haraka sana, na kola akasema ile ya duara itanifanya nionekane mtoto wa chekechea, akaichonga nchani kidogo. Kweli ikawa nzuri zaidi.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwenye mshono. Magauni yangu ya zamani ukiyageuza ndani unakuta kitambaa cha akiba, inchi nzima kila upande, na pindo la chini la kutosha mtu kushusha akirefuka au fasheni ikirefuka. Ndo maana gauni la mama mkubwa liliweza kufumuliwa likazaa mengine mawili. Sasa mafundi wengi siku hizi wanakata karibu na mstari, wanapitisha ovaloki, imeisha, ukinenepa kilo mbili nguo ni ya kugawa. Nikamwambia niachie inchi moja.

"Ya nini?"

Ya kuongeza baadae.

"Dada siku hizi watu wakinenepa wananunua nyingine. Na itavimba hapo ndani, haitalala."

Niachie tu fundi, nitailipia.

Akaniachia, ila sio kwa moyo mmoja, ubavu wa kulia inchi moja, wa kushoto nimepima ni robo tatu.

Bugaluu nalo lilipata somo lake. Lile la kichenpati nililinunua limeshonwa tayari, jinzi ya kuvutika, na nilishangaa kwa nini kwenye picha za wale wanamuziki wa Afro 70 na wenzao suruali inasimama na langu linalegea. Fundi hakushangaa. Kitambaa cha kuvutika hakina uzito, akasema, bugaluu linataka gabadini au tetroni nzito ili kule chini kianguke. Kiuno kipande mpaka kitovuni, pekosi na bugaluu hazikuwa za kukaa nyongani. Na pindo linapimwa ukiwa umevaa viatu utakavyovaa nalo, raizoni, vile viatu vya soli nene na visigino virefu, kama unazo, vinginevyo unafagia barabara. Mi raizoni siwezi, lami ya Mwenge na visigino vile ni kwenda MOI, hospitali ya mifupa, kwa miguu yako mwenyewe, kwa hiyo tukapima na raba nyeupe zenye soli nene ninazovaa kila siku. Ukiniona kwa mbali unaona miaka ya sabini mpaka kwenye kifundo cha mguu, hapo chini ni mwaka huu. Napenda hivyo. Zamani kuanzia utosini mpaka unyayoni nimeiacha kwenye kichenpati.

Na nywele ni zangu. Nimezifumua, zinasimama kadri zinavyotaka, siku nyingine upande mmoja umelala.

Ambazo hazinihitaji

Kitu kingine nimekiona nikiwa kwenye hizi fikra. Kuna nguo hakuna anayezifufua kwa sababu hazikuwahi kufa, na sisi wapenda zamani hatuzihesabu. Kaunda suti, iliyochukua jina kwa yule mzee wa Zambia, nenda ofisi yoyote ya wilaya utaikuta iko hai inatia saini. Kanzu ipo. Khanga ndo usiseme, sanduku la bibi Tanga halina gauni hata moja la ujana wake ila lina doti za khanga hazijawahi hata kukatwa, zimefukizwa udi, na kila mjukuu anajua ipi yake siku ikifika. Kumbe kutunza wanajua. Walichagua cha kutunza.

Mi khanga nilikuwa naifunga ndani tu nikioga au nikipika. Sasa hivi natembea nayo kwenye begi, sio kwa woga, basi za asubuhi zina kiyoyozi kikali na gauni la machungwa ni fupi.

Mama mkubwa kaliona gauni. Hakuuliza nimekuwa nani. Alilishika pindo akaligeuza ndani akatazama mshono, akauliza fundi kanichaji ngapi, nikamtajia, akasema umeibiwa.

Kinachofuata ni sketi ya marinda, ya kupigwa pasi marinda yakae kama yamepigwa rula, na kwa wanaoniuliza kwenye meseji: ndio, kwa marinda poliesta inahitajika, pamba tupu ukikaa tu kwenye kiti yameisha, kwa hiyo natafuta mchanganyiko, nusu kwa nusu hivi, rangi ya damu ya mzee. Mwenye kujua duka Kariakoo aniambie. Ila fundi kasema nisimpelekee kitu mpaka Idi ipite, magauni ya watu yamejaa mpaka kwenye kiti cha wateja, na akanikumbusha kwamba kwenye marinda habari za inchi moja ya akiba nizisahau kabisa.

Tutaona.